Msamaha wa Kila Asubuhi

Benchi letu liko kati ya kinyozi na fundi saa, na birika la kahawa ni langu, kwa hiyo umbea hunifikia ungali wa moto. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umelala barabarani, na saa za dukani ziligonga kila moja kwa wakati wake. Fundi Saa kaketi pembeni, saa ya mtu sikioni, kampa Kinyozi mgongo. Na jana jioni tu walipatana, wakashikana mikono! Tangu Fundi Saa augue homa ya ubongo, mambo ya zamani anayo yote. Ya jana hayalali kwake.

— Nimechoka, akasema Kinyozi. Kila siku naomba radhi upya. Ananisamehe, kukicha kanuna.

— Ni kijidude ndani ya kichwa, usawa wa sikio, akasema Daktari, ambaye udaktari wake ni kusukuma vitanda hospitali. Kimejikunja kama farasi wa baharini. Ndicho kinachopokea mapya na kuyapeleka ghalani. Chake kimeumia.

— Basi yanavuja, akasema Mabomba, fundi wa mabomba. Haba na haba hujaza kibaba. Kilijaa, kikapasuka.

— Hayavuji, akasema Daktari. Farasi kakata kamba. Usiku hutoka na msamaha mgongoni, akautua kwa mwingine.

— Kwa nani? akauliza Mabomba.

— Mke wangu leo kaamka kanisamehe, wala sijamwomba.

— Nami niliota nimesamehewa na mtu nisiyemjua, nikasema. Nikaamka mwepesi kama pamba.

— Basi nirudishieni, akasema Kinyozi. Ule ulikuwa wangu.

Binti wa duka la dawa, mgeni wa mtaa, alikuwa akingoja nimjazie kikombe.

— Samahani, wazee wangu. Kwani alimkosea nini?

Daktari akamtazama Mabomba. Mabomba akanitazama mimi, na mimi, nijuaye hata nani kapika nini, nikatazama birika. Miaka kumi na miwili ya kununiana.

— Ilikuwa… akaanza Kinyozi. Mkasi ukabaki wazi mkononi.

Fundi Saa akaishusha ile saa, akageuka polepole.

— Kumbe unaomba radhi ya usichokijua?

Kinyozi akainamisha kichwa. Mwenzake akasogea, akampa nafasi kwenye benchi.

— Keti, ndugu yangu. Nitakusimulia. Na kesho ukisahau, nitakusimulia tena.