Mzee Punguza, Fundi wa Spika za Magari

Ndugu, jamaa, majirani na wateja mlioacha shughuli zenu kuja kutufariji: familia imenipa mimi, mdogo wake wa kike na kitindamimba wa nyumba yetu, jukumu la kueleza kwa ufupi maisha ya kaka yetu mpendwa. Wengi wenu hamkulijua jina lake la kwenye cheti. Mlimwita Mzee Punguza naye akaitika, kwa hiyo na sisi leo tutamwita hivyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961, mtoto wa tatu kati ya sita. Baba yetu alikuwa dereva wa gari la matangazo, lile lenye vipaza sauti vya chuma juu ya paa, lililopita mitaani kuwaita watu kwenye chanjo na mikutano. Tangu akiwa mdogo sana, marehemu alipanda naye. Mama alikuwa akitusimulia jinsi mtoto yule alivyolala fofofo chini ya kelele zile, kama wenzake wanavyolala mgongoni kwa mama zao. Gari likizimwa tu, aliamka akalia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1969. Mwalimu wa kwaya alimtoa mapema, kwa sababu sauti yake, kwa maneno ya mwalimu, “ilipita kando ya wimbo.” Lakini mwalimu huyo huyo akamwona amesimama dirishani, anakunja uso kila mwimbaji anapokosea. Basi akamrudisha, si kuimba, bali kusikiliza na kumwonyesha kwa kidole nani katoka nje ya sauti. Mwaka ule hakupata marafiki wengi. Mwaka 1976 alijiunga na chuo cha ufundi, akasomea umeme na redio, na akahitimu mwaka 1979.

Mwaka uliofuata aliajiriwa katika duka la kutengeneza redio, na huko ndiko alikounguza spika za mteja kwa mara ya kwanza. Mkuu wake hakumfokea. Alimpa moja aifungue, akamwambia, “Nusa.” Ndani, ule waya mwembamba uliozungushwa nyuma ya koni, ile karatasi inayotetemeka, ulikuwa mweusi ti, unanuka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. “Hiyo ndiyo harufu ya haraka,” mkuu wake akasema. Marehemu alitusimulia kisa hicho mara nyingi, na kila mara alikunja pua kana kwamba harufu ingali hewani.

Mwaka 1990 alifungua karakana yake nyuma ya duka la matairi. Wa kwanza kumpa jina lile alikuwa dereva wa teksi, ambaye leo yupo hapa nasi. Alifika amenuna.

“Fundi, amplifaya hii ina nguvu mno, inaniulia spika. Nifungie ndogo.”

“Ndugu yangu, hiyo ndogo ndiyo itakayozimaliza,” marehemu akamjibu. “Nguvu ikizidi huua, sikatai. Ila wengi wanaokuja hapa wana amplifaya dhaifu wanayoilazimisha. Inafika mwisho wa uwezo wake, sauti inagonga dari na kukatwa kichwa. Hapo kinachoingia kwenye spika si muziki tena, ni joto.”

“Na hiki kitufe cha kuzungusha cha amplifaya, si nakifungua mpaka mwisho ili nipate sauti?”

“Ndiyo kosa lenyewe. Kitufe hiki si cha sauti. Kazi yake ni kuipatanisha redio na amplifaya, zielewane. Sauti utaiongeza kwenye redio.”

Akakirudisha kile kitufe chini kabisa. Akazima vikorombwezo vyote vya kuongeza besi. Akafungua sauti ya redio hadi robo tatu, akaweka wimbo ambao dereva aliujua nje ndani, kisha akapandisha kitufe taratibu kama mtu anayefungua mlango wa chumba alicholala mtoto mchanga. Sauti ilipoanza kukwaruza, akarudi nyuma kidogo, akaacha hapo hapo. Zile spika ndogo za sauti nyembamba akazikinga zisipelekewe besi. “Usimtwike mtoto gunia la mtu mzima,” alisema.

Dereva akachungulia. “Mbona bado kuna nafasi? Hakijafika hata nusu.”

“Mwisho wake ndio huo.”

“Na nikisikia sauti imeanza kukoroma barabarani?”

“Punguza.”

“Na abiria wakitaka zaidi?”

“Punguza, halafu wapige soga.”

Yule dereva akaenda kuwahadithia wenzake, na jina likapata miguu.

Kabla ya karakana, tarehe 12 Desemba 1987, alifunga ndoa na wifi yetu, aliyekuwa opereta wa simu katika hospitali kubwa. Walijuana kwa sauti kabla ya sura. Marehemu alitumwa huko kutengeneza mitambo ya simu chumba cha chini, wifi akiwa kazini ghorofani. “Hujambo huko juu, unanisikia vizuri?” akauliza. “Nakusikia vizuri sana,” akajibiwa, “na una mafua, kanywe kitu cha moto.” Kweli alikuwa na mafua. Alipanda ngazi kwenda kumwona ni nani huyo, na mafua yalipopona akaendelea kupanda. Ndoa yao ilibarikiwa watoto watatu.

Sasa nifike mahali ambapo marehemu mwenyewe alituagiza tusiparuke. Kuanzia mwaka 2011 masikio yake yalianza kufifia. Hakumwambia mtu. Alisema tu kwamba siku hizi watu wanaongelea mdomoni. Mwaka 2013 mama mmoja anayeendesha gari la wanafunzi alirudi na spika zilizoungua, muda mfupi tu baada ya marehemu kumpangia sauti. Marehemu akasema spika zilikuwa bandia. Akamfungia nyingine, nazo zikaungua. Wifi yetu alikuwa amempelekea chakula, akaingia ndani ya lile gari, akakaa kiti cha abiria na kusikiliza.

“Baba watoto, hii inakwaruza.”

“Haikwaruzi.”

“Inakwaruza tangu nilipofungua mlango.”

Marehemu alimtazama, akamtazama yule mama mwenye gari, akaona naye ameinamisha kichwa kwa haya. Akazima redio. Kwa mujibu wa wifi, alikaa kwenye usukani mikono mapajani, kisha akasema, “Kumbe ni mimi.”

Daktari alieleza kwamba ni miaka mingi ya kujifungia ndani ya magari yenye makelele bila kuziba masikio, na kwamba kilichokwenda hakirudi. Marehemu alifunga karakana. Alikaa sebuleni akitazama televisheni isiyo na sauti, na sisi ndugu zake tulipomtembelea, hata pole ilibidi kuipigia kelele. Ni wifi aliyemtoa pale. Aliketi mbele yake uso kwa uso, akamwambia polepole ili amsome midomo: “Mimi nimestaafu. Masikio yangu hayajastaafu. Twende kazini.”

Jambo la kwanza walilofanya ni kuwaita wateja wote aliowahudumia tangu masikio yalipoanza kudhoofika. Aliwaambia bila kuzunguka, “Nilipanga sauti yenu bila kusikia. Nileteeni nirekebishe.” Kuna waliocheka, kuna waliokasirika, lakini wengi walikuja. Yeye alipima umeme kwa mita na kuweka vidole juu ya koni ya spika. Wifi alikaa kiti cha abiria na kuinua mkono sauti ilipoanza kuchafuka. Karakana haikuwahi kuwa na kazi safi kuliko ya miaka ile. Mlangoni alibandika kibao: “Fundi hasikii. Mtazame usoni, au zungumza na bosi.” Bosi alikuwa ni wifi. Na kila kijana aliyeingia pale alikabidhiwa viziba masikio kabla ya salamu.

Mwaka 2022 alianza kusumbuliwa na moyo. Alilazwa mara kadhaa, na mwezi Aprili 2024 hali ikabadilika. Muuguzi mmoja, kwa nia njema, alikuwa akimpigia kelele ili amsikie. Marehemu akamshika mkono akamwambia, “Mwanangu, usipaaze. Sogea.” Alifariki dunia asubuhi ya tarehe 3 Mei 2024, mkewe akiwa amesogea.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, ndugu wanne, na mafundi kadhaa waliopita mikononi mwake. Binti yake wa pili ndiye anayeshika karakana. Wifi ameniomba niwatangazie kwamba Jumatatu itafunguliwa kama kawaida, na kwamba kile kiti cha abiria atakikalia yeye.

Kaka, tunakushukuru kwa kazi uliyoifanya, na zaidi kwa ile uliyokubali kuirudia. Mungu akupokee, upumzike kwa amani.