Hesabu Mbili za Mama Dodoso

Mama yetu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Mama Dodoso, alizaliwa tarehe 14 Machi 1950, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni, akiwa mtoto wa nne kati ya saba, na tangu utotoni alikuwa na mdomo wa kuuliza, hata wageni wa baba yake walihojiwa wana watoto wangapi kabla hawajapewa kiti.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1964 na sekondari mwaka 1968, akajifunza uchapaji, na tarehe 1 Februari 1971 aliajiriwa katika idara ya saikolojia ya chuo kikuu. Mwaka 1978 alihamishiwa kwenye utafiti wa watu wazima wanaoishi na wenza wao, vijana, wa makamo na wazee, akipita nyumba kwa nyumba na dodoso lake, akiuliza umri, elimu, kazi, idadi ya watoto, na miaka waliyokuwa pamoja. Sharti lake lilikuwa moja, mume akae chumba chake na mke chake, na jibu la mmoja mwenzake asilisikie.

Fundi umeme, ambaye ndiye Baba, alifika idarani tarehe 9 Agosti 1972 kutengeneza feni, akaitengeneza siku nne, ingawa Mama aliapa kwamba ni waya mmoja tu uliokuwa umechomoka. Walifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1975, wakajaliwa watoto watatu. Februari 1981, akijaribu dodoso jipya, Mama alimweka Baba jikoni, yeye akabaki sebuleni, kisha akavunja sharti lake mwenyewe, akachungulia, kumbe Baba kaandika kwamba wamekuwa pamoja miaka minane, akianzia kwenye feni, na yeye kaandika mitano, akianzia kwenye ndoa. Nyumba haikukalika! Tangu hapo, chai ikikosa sukari, Baba alidai amemvumilia miaka mitatu zaidi, naye Mama akimjibu kwamba kutengeneza feni si kuoa.

Alistaafu mwaka 2010. Septemba 2022 figo zilianza kumsumbua, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, Baba akimbebea mto wake kila safari, hadi Jumamosi tarehe 11 Mei 2024, saa nne asubuhi, alipotutoka akiwa na miaka 74. Tunawashukuru sana madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia bila kuombwa, na wenzake wa idarani.

Limebaki jambo moja. Juzi, tulipokaa kuandika historia hii, Baba alituambia tuandike kwamba waliishi pamoja miaka arobaini na minane, hesabu ya Mama, kwa kuwa hayupo tena wa kubishana naye, na yeye hataki ushindi wa namna hiyo. Baba, nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimeagizwa. Mwezi Machi mwaka huu, watafiti wa idara walipokuja kuwahoji ninyi wawili katika kundi la wazee, wewe ukiwa jikoni, Mama hakuweza kushika kalamu, nikamwandikia mimi, binti yenu mkubwa, na akaniambia nisikwambie mpaka siku atakayozikwa. Alisema niandike miaka hamsini na mmoja, nianzie kwenye feni.

Pumzika kwa amani, Mama, mwenzako amelisikia jibu lako.