Ubao wa Sita: Risala ya Waandika Mabango wa Dodoma

Mgeni rasmi, shikamoo. Viongozi ulioongozana nao, na majirani zetu wa sokoni, salaam.

MAKARIBISHO
Karibu uani kwetu. Kiti ulichokalia tunaamini kimekauka rangi. Mbao sita zilizoegemea ukuta nyuma yako si za kuuza. Hiyo ndiyo tovuti yetu.

TULIKOTOKA
Sisi ni waandika mabango tisa. Wengi wetu tuliacha shule mapema, herufi tukajifunzia ukutani. Tangu biashara iruhusiwe kwa kila mtu, mji huu umejaa majina: saluni, mashine za kusaga, maduka ya dawa, vibanda vya simu. Ukipita alfajiri kabla milango haijafunguliwa, majina yako peke yake barabarani, na unahisi kama mji umelala huku ukijitaja taratibu.

TULICHOFANYA
Mwaka jana Debora, mwanafunzi aliyepanga kwa mwenzetu, alituambia mabango ya mji mzima yanaweza kuwekwa kwenye tovuti, mtu wa kijijini Zuzu au wa ng'ambo akayaona. Akatuomba tuchore kurasa zitakavyokuwa. Tukachora kwa rangi ya mafuta, kila ukurasa ubao mzima wa plaiwudi. Alipoziona alikaa chini.

"Baba zangu, nilimaanisha kwenye daftari."

"Daftari nani atalisoma kwa mbali?" akauliza Mzee Abdulrazaki, mkubwa wetu.

Basi amezinakili kwenye kompyuta vilevile, na picha mia mbili na kumi zimeshaingia. Ubao wa sita bado mtupu. Huo ni wa mabango ya zamani.

TATIZO
Tuseme wazi. Barua yenye sahihi yako inataka kuta zote zinazozunguka soko zikwanguliwe na kupigwa rangi moja kabla ya tarehe 30 Novemba. Usafi hatuupingi. Lakini chini ya chokaa ya kuta zile kuna kazi za zamani, na hazionekani mpaka chokaa ilowe. Mvua ikinyesha zinajitokeza, bango la hoteli juu ya bango la duka la ushirika, kama watu wanaosogea dirishani. Jua likitoka zinarudi ndani. Tumejaribu kumwagia maji kwa ndoo. Yanakauka kabla Debora hajalenga kamera.

Ukuta wa Barabara ya Saba una bango la kwanza la Mzee Abdulrazaki, la fundi viatu, mwaka 1968. Halijawahi kupigwa picha. Macho yake yanafifia. Herufi kubwa bado anaziona, lakini msimu wa mwakani hatuna hakika.

TUNACHOOMBA
Hatuombi kompyuta wala kiwanja. Tunaomba kuta zisubiri mvua ya kwanza. Ikishindikana zote, basi ule mmoja. Picha ikishapigwa, tutaukwangua wenyewe na kupiga rangi unayotaka. Mawingu yakikusanyika tutakuja kukuita ofisini, usimame na Mzee pale ukutani.

Ukikataa, tumekubaliana ubao wa sita uingie kwenye tovuti ukiwa mtupu hivyohivyo, na chini yake tuandike tarehe ya barua.

Mungu akurudishe salama kwako, na mwaka huu mvua aituletee mapema.

Ni sisi,
Kikundi cha Waandika Mabango, Barabara ya Saba, Dodoma.
Imesomwa na Masudi Rajabu, katibu, 14 Novemba 2003.