Mama Barafu Akabidhi Folda ya Ng'ombe

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mama Atuganile Mwaisumo alistaafu baada ya kuutumikia Ushirika wa Maziwa Mteremko kwa miaka thelathini na mmoja. Ametuachia vituo vinavyofanya kazi, wafugaji waliozoea kusikilizwa, na folda moja ya mtandaoni iliyomkosesha raha majuma yake ya mwisho kazini. Alitaka kujua ni nani ataishika bila kuvuruga nasaba za ng'ombe wetu wala kugombanisha watu.

Alianzia kituo cha Kyimo, akipokea maziwa na kuyapima kama yameongezwa maji. Mfugaji mmoja aliyekamatwa alijitetea kwamba mvua ya Tukuyu imeingia ndooni njiani, jambo ambalo huku kwetu halikosi mantiki. Mama Atuganile hakubishana naye. Kesho yake alimletea mfuniko, na tangu hapo mvua ikakoma kuingia kwenye ndoo ile.

Baadaye alisomea uhimilishaji, yaani kumpandisha ng'ombe kwa mrija bila dume kuwepo, akawa anazunguka kwa pikipiki na mtungi wa mirija ya mbegu za madume bora. Akiufungua, moshi mweupe wa baridi unafuka, na watoto wa Kyimo wakambandika jina la Mama Barafu. Jina hilo halikumwudhi. Kuna ng'ombe wengi Rungwe hii ambao bila Mama Barafu wasingezaliwa, na kuna ada nyingi za shule zilizotoka kwenye maziwa yao.

Kazi hiyo ina sharti moja kubwa. Binadamu huuliziana ukoo kabla ya posa. Ng'ombe naye lazima ajulikane baba yake, asije akapandishwa na dume lililomzaa. Ndama wa namna hiyo huwa dhaifu na mfugaji hupata hasara ya miaka. Kwa hiyo Ushirika ulipohamishia kumbukumbu zake mtandaoni, Mama Atuganile ndiye aliyekabidhiwa folda ya pamoja, yenye jina la kila ng'ombe, mama yake na baba yake. Kwa ukarimu wake aliwapa watu wa vituo vyote ruhusa ya kuhariri. Alisema sote ni wa nyumba moja.

Nyumba hiyo ilitikisika masika ya mwaka juzi. Godwin, katibu wa kituo cha Suma, kijana mchapakazi asiyependa fujo, aliona majina ya ng'ombe yamekaa shaghalabaghala. Akayapanga kwa alfabeti. Bahati mbaya alipanga safu ya majina peke yake. Safu ya baba ikabaki palepale. Kwa kubonyeza mara moja, ng'ombe wa Suma wakabadilishiwa baba.

Hakuna aliyegundua, hadi Mama Atuganile alipofika kwa mzee Yohane, mfugaji wa Suma, kumhimilisha ng'ombe wake, Sekela. Kwenye simu folda ilionyesha kwamba dume liitwalo Kimondo linamfaa. Mrija ulikuwa umeshatolewa mtunguni mzee Yohane aliposema, kwa upole wake wa siku zote, "Mama, Kimondo si ndiye baba yake huyu? Mrija wake si uliuleta mwenyewe, hapa hapa?"

Mama Atuganile aliutupa mrija ule. Jioni hiyo alirudisha toleo la zamani la folda, akaziingiza upya taarifa zilizokuwa zimeongezwa baada ya kosa, kisha akawabadilishia watu wote ruhusa: kuanzia sasa ni kutazama tu. Alifanya hivyo kimya kimya. Mwenyewe husema kosa lake kubwa kazini ni hilo, na si dogo.

Maana huku kwetu mgeni haachwi amesimama uani. Godwin alifungua folda asubuhi, akakuta anaweza kuona kila kitu na hawezi kugusa chochote. Alipiga simu ofisini mara moja tu. "Mwambieni mama, amenialika halafu chakula ananionyesha dirishani," alisema, akakata. Suma ikaacha kuleta taarifa. Majike yalipandishwa, ndama wakazaliwa, na sisi hatukujua lolote. Meneja wetu, ndugu Lazaro, alipendekeza barua ya onyo. Mama Atuganile alimwomba aiweke kwanza.

Alipika mbalaga, ndizi zilizopikwa na maharage, akafunga chungu nyuma ya pikipiki na kwenda Suma. Walisalimiana kwa Kinyakyusa mpaka salamu zikaisha. Wakala. Chungu kilipobaki kitupu ndipo alipomweleza Godwin habari ya Sekela na Kimondo, maana Godwin alikuwa hajui alichokifanya. Kisha Mama Atuganile akafanya jambo ambalo lilitushangaza wengi: safu ya baba aliifunga kwa watu wote, akabakiza wahariri wawili tu, yeye na Godwin. Meneja alipouliza kulikoni, alijibiwa kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na kwamba yeye meneja hajaumwa bado. Ndugu Lazaro alibaki na ruhusa ya kutazama na kutoa maoni. Amelalamika sana, lakini anacheka.

Tangu siku hiyo tuna utaratibu mmoja ambao haumo kwenye mwongozo wowote. Kila kituo kinahariri ukurasa wake, isipokuwa safu ya baba, na kutazama wa wenzake. Na mtu hapunguziwi ruhusa kabla hajaambiwa ana kwa ana, akiwa ameketi, na ikiwezekana ameshiba. Mimi natoka familia ya wafanyabiashara pale Bagamoyo, na nyumbani kwetu duka lina kufuli tatu. Lakini kufuli inayofungwa kwa heshima nimejifunza kwa mama huyu.

Sasa fikirini siku ya mwisho ilivyokuwa. Mstaafu habaki na ruhusa ya kuhariri; huo ni uamuzi wa bodi. Utaratibu wake mwenyewe ulitaka mtu amwambie uso kwa uso. Meneja alikumbuka ghafla kwamba ana kikao. Mhasibu, yaani mimi, nilikuwa na kikohozi. Tulimwonea aibu, na pia tulimwonea huruma, kwa sababu tulijua folda ile ni maisha yake.

Mchana Godwin aliingia ofisini na chungu cha mbalaga. Alimsalimia, "Mugonile, mama," akampakulia. Mama Atuganile alikitazama kile chungu, akatutazama sisi, akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta machozi, na machozi yale hayakuwa ya kicheko peke yake. Alikula akamaliza. Kisha Godwin akamwambia, na yeye akavuta kompyuta, akamkabidhi Godwin umiliki wa folda kwa mkono wake mwenyewe. Godwin akamwachia ruhusa ya kutoa maoni.

Mama Atuganile, asante kwa miguu yako iliyofika kila zizi. Asante kwa mfuniko wa ndoo. Asante kwa kutufundisha kwamba unaweza kumnyima mtu kitu na bado akabaki ndugu yako. Tunakuombea afya, migomba yenye mikungu mizito, na maisha mema pamoja na wajukuu.

Tulidhani utapumzika. Asubuhi iliyofuata, Godwin alipofungua folda, alikuta maoni mapya pembeni mwa jina la Sekela: "Mimba imefika miezi saba. Mkumbusheni mzee Yohane aache kumkamua." Tumemkumbusha, mama. Endelea kuandika.

Najat Farhan, Ofisi ya Hesabu