Kinarejeshwa Nini?

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu uliowekwa juu ya matofali, kwenye uchochoro kati ya kibanda changu cha kushona na nyumba ya Dereva. Mimi ndiye Fundi, nashona huku nikiwasikiliza, na mara nyingi wananikera. Anayekera kuliko wote ni Kipaza, muuza nyama, ambaye hajui kuongea taratibu hata msibani. Yupo pia Wakili, aliyefagia mahakamani miaka mingi mpaka akaamini amesomea sheria. Kahawa ni ya Bi Buli, anayetuuzia na kutusuta kwa bei ileile. Jioni hiyo alikuja Dereva mwenyewe, akakaa ukingoni bila salamu. Habari yake tulikuwa nayo: alimpiga mkewe mpaka akamvunja mkono, mke akahamia kwa mdogo wake pamoja na watoto watatu, na watu wa ustawi wa jamii wakaingia kati. Sasa alikuwa ametoka ofisini kwao, na sote tulikuwa tunakufa kwa hamu ya kujua alichoambiwa.

Kipaza: Haya, tuambie. Wamesemaje?

Dereva: Kuna kikao Alhamisi. Watu wanakaa duara. Kesi ya polisi inaendelea kivyake. Hiki, anasema yule dada wa ustawi, ni kikao cha kurejesha.

Wakili: Kurejesha! Basi umeshinda, bwana. Mke anarejeshwa.

Dereva: Nilidhani hivyo hivyo. Akaniambia hapana. Mwenyewe hajasema anarudi, na hakuna wa kumsemea.

Kipaza: Basi ni watoto.

Dereva: Nao hapana. Si kwa sasa.

Kipaza: Sasa kinarejeshwa nini? Mkono?

Hakuna aliyecheka. Kipaza akajifanya anapuliza kahawa iliyokwisha kupoa zamani.

Bi Buli: Labda ni amani.

Wakili: Amani haina kifungu, Bi Buli. Mimi nimekaa mahakamani...

Bi Buli: Ulikuwa unafagia.

Wakili: Nilikuwa nafagia masikio yakiwa wazi! Kisheria, anayerejesha ni yule aliyechukua. Sasa huyu kachukua nini?

Dereva: Dada wa ustawi kaniuliza hilo hilo. Nikamjibu sijachukua kitu, nyumba ile mimi ndiye ninayeleta kila kitu. Akasema nikalifikirie mpaka Alhamisi.

Hapo nikaweka mkasi chini. Swali lilikuwa limenikaa, nikawa najaribu kulijibu kimoyomoyo na kila jibu naliona fupi.

Kipaza: Mimi ninachokitilia shaka ni hilo duara. Kwa nini duara? Ni ili usijue mkubwa ni nani. Huyu anakuuliza, yule anakuuliza, unageuza shingo huku na huku, ukipata kizunguzungu tu umeshakiri.

Wakili: Hilo dogo. Nimesikia kuna mahali mwanamume anakalishwa kwenye kiti cha mkewe, anaitwa kwa jina la mkewe, na kila swali analijibu kama yeye ndiye mke. Mwezi mzima!

Kipaza: Na wanafundishwa kulia. Kabisa! Kuna mwalimu wa kulia, ana mshahara na kitambulisho.

Bi Buli: Akipita hapa mniite. Mimi nilishasahau.

Fundi: Nyie hebu mwacheni mwenzenu aseme. Dereva, wewe wanakutaka ufanye nini hasa?

Dereva: Nipeleke watu wawili wanaonijua. Wawe macho juu yangu. Nikianza kupandwa na hasira niondoke nyumbani niwaendee wao, na wakiona nabadilika wampigie yule dada bila kunificha. Nikiwapata, na mama watoto akiridhika nao, ndipo niruhusiwe kuwaona wanangu, tena mbele ya watu. Nikiwakosa, hakuna. Yule mdogo ameanza kutembea. Nimeambiwa tu.

Nilimwonea huruma, kisha nikakasirika kwa kumwonea huruma, maana mkono wa mkewe bado ulikuwa kwenye plasta.

Kipaza: Wawili tu? Hilo nalo la kukunyima usingizi? Mimi na Wakili hapa! Nitasimama katikati ya duara lao niwaambie: huyu ni mtu mpole. Miaka yote nakaa kwenye benchi hili, sijasikia kwake hata kijiko kikianguka.

Wakili: Naunga mkono. Hatujaona, hatujasikia. Ushahidi wa tabia njema.

Dereva hakuwashukuru. Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Bi Buli naye akaanza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na kahawa.

Ndipo akaingia uchochoroni mwanamke mwenye mkoba begani, viatu vimejaa vumbi. Dereva alisimama haraka, nikajua ndiye.

Dada wa ustawi: Hamjambo hapa? Kaa tu, baba, sikukufuata wewe. Nawatafuta watu wa benchi.

Kipaza: Umefika! Sisi ndio mashahidi wa baba.

Dada wa ustawi: Mimi nimetumwa na binti yake mkubwa. Nilimwuliza angependa nani wawemo kwenye duara. Akamtaja mama yake, akamtaja mama yake mdogo. Kisha akasema, na wale wa benchi.

Kipaza: Mnaona? Mtoto anatupenda!

Dada wa ustawi: Ana swali lake kwenu. Mama yake amekubali niwaletee mapema, mje nalo mkiwa mmelifikiria.

Akainua mkono akatuonyesha dirisha dogo la nyumba ya Dereva, juu kidogo ya vichwa vyetu.

Dada wa ustawi: Anasema vurugu ikianza alikuwa anawachukua wadogo zake, anakaa nao ndani, chini ya dirisha hilo. Alikuwa anawasikia vizuri sana. Anajua Kipaza anachekaje. Anajua kikohozi cha Wakili, na Bi Buli akigonga vikombe, na nyimbo anazoimba Fundi akikosea mshono. Anauliza: na wao walikuwa wananisikia?

Kipaza alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue haikutoka sauti. Wakili akanitazama mimi, mimi nikamtazama Bi Buli. Dereva alikuwa ameinua kichwa, anatupitia kwa macho mmoja mmoja, naye anangoja jibu. Dada wa ustawi akateremsha mkoba begani, akajitafutia nafasi kwenye benchi, akakaa.