Mama Veronika na Swali la Tumbo

Tarehe 30 Juni 1974 Mama Veronika Nangoma, muuguzi mkunga wetu, anastaafu baada ya miaka ishirini na mbili ya utumishi, mingi yake katika zahanati hii ya njia ya Kilambo. Tumezoea kuagana kwa maneno matamu hata na watu waliotutoa jasho. Huyu tumuage kwa ukweli: ni mkali, hapendi uzembe, na huuliza maswali mpaka mtu unatamani kukimbia.

Swali lake kubwa ni la choo. Mwanamke akija kulalamika kwamba haoni siku zake, sisi wengine tulikimbilia habari za mimba. Mama Veronika alianza na tumbo: unapata choo, kikoje, chakula kinasagika au kinapita tu? Kina mama waliziba nyuso kwa kanga wakicheka. Loo, wamekuja na habari za huku, wanaulizwa za kule!

Tabibu Erasto wa zahanati yetu ndiye aliyetuletea neno homoni. Alitueleza kuwa tezi za mwili hutoa vitu vinavyosafiri ndani ya damu na kuamrisha mambo mengi, hedhi ikiwemo. Mama Veronika akadaka hapo hapo: basi utumbo ukiwa mgonjwa na chakula kisiingie mwilini, hizo tezi zitapata wapi nguvu ya kuamrisha? Tabibu akaenda kutafuta kitabu. Walibishana wiki nzima, chai ikapoa kila siku.

Swali hilo lilipata kazi mwaka 1968. Mwanahawa, mke wa Shabani, mkulima wa korosho wa Ziwani, aliacha kuona siku zake na tumbo likaanza kuvimba. Mama mkwe wake, Bi Mwanaisha, akafurahi, akamwekea miiko yote ya mjamzito wa nyumba ile: asiguse yai, asiguse pweza, ale ugali wa muhogo na mboga kidogo. Miezi ikapita, mtoto hakuja. Furaha ikageuka shutuma kwamba binti wa watu amekunywa dawa, ameiporomosha mimba. Wazee wakaitwa. Talaka ilikuwa mlangoni, tena talaka ya aibu ambayo ingemfuata mpaka kwao.

Mama Veronika alisikia akaenda bila kualikwa. Alimwona Mwanahawa ukumbini, viganja vyeupe, mikono myembamba, akaketi karibu naye na kumuuliza habari za choo mbele ya wazee wazima, sinia la ubwabwa likiwa katikati! Mzee mmoja aliinuka akatoka nje. Mwanahawa akajibu kwa sauti ndogo kwamba anahara tangu mwaka jana, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Basi Mama Veronika akawaambia wazee kwamba mimba haikuporomoshwa kwa sababu, kwa anavyoona yeye, haikuwahi kuwepo. Aliwaomba wampe mgonjwa kwanza, talaka waiweke kando. Hakuwa na hakika. Alitwambia hivyo baadaye.

Wazee walikubali; Tabibu alimpima, akakuta minyoo tele na safura iliyommaliza damu. Mwanahawa alitibiwa hapa hapa. Kazi ngumu ilikuwa chakula, maana Bi Mwanaisha alikuwa na uchungu na hakutaka kuamini kwamba miiko yake ilimnyima mgonjwa kile kidogo ambacho utumbo ungeweza kupokea. Lakini alikuja wodini, akaona mkwewe alivyokonda, akalia. Kesho yake alileta mayai aliyoyachemsha mwenyewe, akayamenya, akamlisha.

Siku za Mwanahawa zilirudi kabla ya mavuno ya korosho. Mtoto hajapata mpaka leo. Kwa nini siku zirudi na mimba isije? Kwa nini wengine wana choo kigumu tu, wamenenepa vizuri, na siku zao zinavurugika vilevile? Mama Veronika hajui, na kutojua kunamkera kweli. Ametuachia maswali hayo kama urithi, na ole wake atakayeacha kuuliza.

Asante, Mama. Pumzika kwa afya, ule ushibe, na choo kiwe chepesi. Mwanahawa yuko hapa nasi leo pamoja na Shabani. Ametuomba tuandike jambo moja tu kwa niaba yake: kwamba bado ni mke wa mtu, na bado yu hai.