Mama Birika Anastaafu, Jiko Lake Linafungwa

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, muuguzi kiongozi wa kliniki yetu ya VVU anastaafu. Sote tunamwita Mama Birika, naye hujifanya hajui jina hilo limetoka wapi.

Alianza wodini, sare ikimpwaya, akahamia kliniki miaka ambayo wengi wetu tulikuwa tunaikwepa. Wauguzi aliowafundisha kuchoma sindano hawana idadi. Siku moja alimrudisha mganga mkuu mwisho wa foleni ya kupima presha, tena kwa adabu zote.

Mimi ndiye mtunza mafaili wa kliniki, na kuna jambo linanikera. Nitalisema hapa hapa.

Miaka tisa iliyopita tulikuwa na fundi cherehani aliyekuja siku zisizo zake. Apangiwe Jumanne, aje Alhamisi. Tulimfokea mbele za watu, tukidhani analewa. Mimi mwenyewe niliandika MKAIDI kwa wino mwekundu juu ya faili lake. Mkewe alikuwa akimpa dawa kila siku kwa mkono wake, virusi vimefubaa, majibu mazuri. Basi kwetu alikuwa mzima mwenye kiburi.

Mama Birika alimfuata kibandani kwake. Alikuta mashati matatu yamekatwa, yote yana mikono ya kushoto tu, na wateja wamemkimbia. Aliporudi alitoa makorokoro stoo, akaleta jiko na birika kutoka nyumbani kwake, akamwomba fundi apike chai. Fundi aliwasha jiko, akateleka birika tupu, kisha akasimama kutafuta majani ya chai yaliyokuwa mkononi mwake. Ndipo Mama Birika alipotueleza kwamba VVU huweza kugusa kumbukumbu na uwezo wa kupanga mambo, hata majibu ya damu yakipendeza. Ule ukaidi ulikuwa ugonjwa, nasi hatukujisumbua kuutazama.

Wagonjwa wengi wa namna yake wamepita jikoni humo kujizoeza tangu siku ile. Kadi za hatua za kupika ukutani, visanduku vya dawa vyenye siku za wiki, na subira isiyokwisha. Fundi hashoni tena suti. Anashona foronya, anapika chai yake, anaijua Jumanne yake. Mkewe ananiambia siku hizi anakwenda sokoni bila kuhofia nyumba kuungua.

Sasa uongozi umeandika kwamba kazi hiyo haimo kwenye ikama ya watumishi, na chumba kitawekwa viti vibovu. Miaka tisa ametumia jiko lake mwenyewe, leo tunampa cheti na keki. Naona aibu, na hasira siifichi.

Asante, dada yetu. Kapumzike, ulale mpaka uchoke kulala, wajukuu wakuzunguke, afya isikupige chenga. Jumatatu saa mbili asubuhi watu wanne wamepangiwa kuja jikoni kwako. Watafika wote, kwa kuwa uliwafundisha kukumbuka siku. Watakuta mlango umefungwa.